Kiuno cha Inchi Hamsini na Mbili

— Shemeji, samahani, una kilo ngapi?

Sindano akamtazama fundi bodi kana kwamba amemtemea mate.

— Uzito wangu unakuhusu nini? Nimekuletea mlango, sijakuletea mwili.

— Usinune. Njoo uone mwenyewe.

Fundi akaufungua mlango wa abiria wa ile pikapu kuukuu, akaushika kwa chini, akaunyanyua. Ukapanda. Akauachia, ukashuka, tko! Ulikuwa umelala kiasi kwamba Sindano hakuweza kuufunga bila kuuinua kwa goti. Mumewe, Dereva, alikuwa akisema "nitaushughulikia kesho", na hiyo kesho yake ilishatimiza miezi miwili. Jumamosi hii, mume akiwa kwa kinyozi, Sindano akachukua funguo akaja gereji mwenyewe.

— Mlango wa dereva unafunguliwa mara mia kwa siku, na bawaba zake nzima, akasema fundi. — Huu wa abiria pini ya juu imelika upande mmoja. Maana yake kuna mtu anauning'inia kila akipanda, kila akishuka. Mtu mzito hasa, shemeji. Wewe hata nzi akitua hapa anakuzidi.

Sindano alikuwa fundi cherehani, na jina lile alipewa kwa kazi na kwa umbo. Wivu wake sasa! Wanaomjua wanaapa kwamba uliwahi kukausha mashuka matatu kwenye kamba siku ya mvua.

— Kila siku? akauliza polepole.

— Pini hailiki hivi kwa siku moja.

Fundi akaweka jeki chini ya mlango, juu yake kipande cha ubao na tambara ili rangi isichubuke. Akagonga pini za zamani zikatoka, akatia bushi mpya na pini mpya, akaushusha mlango taratibu. Akausukuma kwa vidole viwili tu. Ukajifunga wenyewe, kimya.

Sindano hata hakuona. Alikuwa ndani ya gari, ameshika mkanda wa kiti, ule wa zamani wa kurefusha na kufupisha kwa mkono. Yeye huufupisha mpaka mwisho. Sasa ulikuwa umeachiwa karibu wote. Akatoa futi shingoni, akapima, sehemu ya mgongo akaijumlisha kwa jicho la kazi.

Inchi hamsini na mbili.

— Nikimpata, fundi, leo leo narudi kwa kaka yangu. Na pikapu nakuachia uigeuze banda la kuku.

— Shemeji, mimi nimetengeneza mlango tu!

Nyumbani akafungua daftari la vipimo vya wateja. Akapekua upande wa wanawake, ukurasa baada ya ukurasa: arobaini, thelathini na nane, arobaini na sita... Hamsini na mbili! Mama Mikate, mjane wa kona ya pili, mwenye kicheko cha kusikika mitaa mitatu. Akapiga simu papo hapo.

— Haloo, mwanangu! Gauni langu tayari?

— Gauni lako lipo. Mume wangu je, unaye?

Kikasikika kile kicheko.

— Yule wako anayekoroma mpaka huku kwangu tunamsikia? Mwanangu, mimi nilishazika mmoja, nimepumzika.

— Kiuno chako ni hamsini na mbili!

— Kilikuwa! Tangu mwezi wa pili nimefika arobaini na nane, na nimekuja mara mbili unipunguzie gauni, unaniambia njoo kesho. Ila kwa kuwa umenitusi, ngoja nikuambie. Pikapu yenu naiona kila asubuhi saa mbili pale kliniki ya mazoezi ya viungo, nikipeleka mikate. Na hayuko peke yake.

Sindano akakaa chini. Akamtumia mumewe ujumbe: "Mume wangu, kila asubuhi saa mbili huwa unakuwa wapi?"

Jibu likaja haraka mno: "Sokoni napakia viazi. Kwa nini mpenzi?"

"Mpenzi"! Miaka minne ya ndoa, mara ya mwisho kumwita hivyo alikuwa amegonga ukuta wa jirani.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, Sindano alikuwa nyuma ya nguzo ya geti la kliniki, begi la nguo miguuni. Pikapu ikaingia. Dereva akashuka mbio, akazunguka, akamfungulia abiria mlango kwa adabu ambayo mkewe hajawahi kuiona hata siku ya harusi. Ukatoka mkono mnene, ukaudaka mlango kwa juu, ukauning'inia, na pikapu nzima ikainama upande kama inasujudu.

— Msimshushe! Mwacheni humo humo nimwone!

Sindano alifika kabla sauti yake haijafika. Akachungulia ndani, mkono juu, tayari kwa kofi. Mkono ukabaki hewani.

— Habari za siku nyingi, Sindano, akasema abiria.

Alikuwa Kabati. Mume wake wa kwanza! Yule yule, mpana kama jina lake, magongo mawili mapajani. Miaka sita Sindano alimshonea suruali za kiuno hamsini na mbili, lakini katika daftari hakupekua upande wa wanaume hata ukurasa mmoja.

— Wewe unafanya nini kwenye gari la mume wangu?

— Nilianguka nikavunjika nyonga. Daktari anataka mazoezi kila siku. Sina wa kunileta ila huyu kaka, aliposikia akaja mwenyewe kujitolea.

Sindano akamgeukia Dereva.

— Miezi miwili! Viazi! Ungesema tu, "mke wangu, namsaidia mgonjwa," ungekufa?

Dereva akatazama viatu vyake.

— Ningesema, ungeenda kumwona.

— Ndiyo, ningeenda. Mtu kavunjika!

— Basi ndiyo hiyo. Ungeenda na supu. Ungemkuta peke yake, hana wa kumfulia. Wewe una huruma. Na mliishi miaka sita, sisi tuna minne. Nikaona bora nimbebe mimi kwa pikapu kuliko umbebe wewe moyoni.

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakaacha kuguna. Hata mama wa mapokezi akafungua dirisha vizuri.

— Na mkiwa humo ndani, mnaongea nini nyie wawili?

Wakatazamana. Kabati akakohoa.

— Tunakuongelea wewe. Hatuna mtu mwingine tunayemjua wote.

— Mnasema nini?

— Mimi namwambia una wivu. Yeye ananibishia, anasema siku hizi umeacha.

Benchi zima likacheka. Sindano akabana midomo ili asicheke nao.

— Kabati, shuka uende ndani, wanakungoja.

Akashuka kwa kuhema, akajikokota na magongo yake, na alipokuwa akipita akasema bila kugeuka:

— Kaka, huyu hakuniacha kwa ajili ya mtu. Aliniacha kwa sababu sikuwahi kumuuliza kitu. Nilikuwa naamua mwenyewe, halafu nanyamaza.

Mlango wa kliniki ukafungwa. Dereva akaliona begi pale chini ya nguzo. Uso ukamshuka.

— Unaondoka?

— Umemsikia alichosema?

— Nimesikia.

— Mimi kwake niliondoka kwa miguu yangu, na kwako nikaja kwa miguu hiyo hiyo. Sikubebwa. Ukitaka kujua kama nipo au sipo, niulize mimi. Usilinde nyonga ya mtu kama mlinzi wa benki.

— Basi nakuuliza.

— Uliza vizuri.

Dereva akavua kofia. Nywele zilikuwa zimenyolewa upande mmoja zaidi ya mwingine, maana Jumamosi alitoroka kwa kinyozi alipoambiwa gari limeondoka.

— Mke wangu, bado unanitaka?

Sindano akamwacha mpaka jasho likamtoka puani.

— Nakutaka. Nipe funguo.

— Za nini?

— Kuanzia kesho Kabati namleta mimi. Wewe utakaa nyumbani na daftari langu, upime wivu wako kama nilivyopima wangu.

— Peke yenu?! Haiwezekani!

— Mbona umepiga kelele? Mgonjwa huyo, nyonga imevunjika.

— Tutamleta wote!

— Viti viwili hivyo, mume wangu.

— Mimi nitakaa nyuma, kwenye viazi!

Akaliokota begi la mkewe, akalirusha nyuma kwenye bodi la mizigo, na yeye mwenyewe akaparamia juu yake, akakaa, akashika kingo kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa gari linaondoka sasa hivi.