Fundi Umeme na Mtihani wa Kusoma Kiingereza

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wa Fundi mwenyewe, wiki mbili baada ya majibu kutoka. Tulikuwa kwenye benchi la kliniki, tunasubiri kupimwa macho. Foleni ilikuwa ndefu, kwa hiyo alinisimulia yote bila kuruka kitu.

Fundi ni mke wa mwanawe. Ni fundi umeme. Kwa miaka minane amepanda ngazi, amevuta nyaya, amefunga soketi na kutafuta hitilafu ndani ya kuta za watu. Mkono wake ni mwepesi na kazi yake haina lawama. Ila hakuwa na leseni. Kila alipomaliza kazi, alisimama pembeni na kofia yake mkononi, akimngoja mwenye leseni aje kutia saini kwenye fomu. Wengine kati ya hao wenye leseni, yeye ndiye aliyewafundisha kushika testa ya kupimia umeme.

Ili upate leseni, unafanya mitihani miwili. Wa mikono Fundi aliufaulu siku ya kwanza, mpaka msimamizi akampa mkono. Wa pili ni wa kusoma, na umeandikwa kwa Kiingereza. Unapewa habari nne: maelekezo ya mashine, tangazo la usalama, barua ya mteja na ripoti ya ajali. Chini ya kila habari kuna maswali. Huo wa kusoma alikuwa ameanguka mara mbili. Na utaratibu ni kwamba ukianguka mara ya tatu, unakaa miaka mitano ndipo uruhusiwe tena.

Ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa tatu.

Msaada nyumbani ulikuwepo, tena wa kumwagika. Mumewe ni mshonaji. Watu wanamwita Pini, kwa sababu muda wote ana pini tatu nne mdomoni, hata akisalimia. Pini alichukua karatasi zake za kukatia mitindo, akazikata vipande vidogo. Mbele ya kila kipande aliandika neno la Kiingereza alilolitoa kwenye kamusi. Nyuma aliandika maana yake. Kisha akavibana kwenye pazia, kwenye foronya, kwenye kitambaa cha meza. Siku moja koti la mteja lilitoka dukani na neno mgongoni. Mteja alirudi mbio, anauliza kama ametukanwa.

Jioni Pini alikanyaga cherehani, Fundi akimenya viazi, na maneno yakirushwa kutoka chumba hadi chumba.

"Kizuizi!" Pini anapiga kelele.

"Obstacle!" Fundi anajibu.

"Unyevu!"

"Moisture!"

"Jamani, mnagombana?" mama mkwe anauliza kutoka uani.

"Tunasoma, mama!"

"Mh. Sisi enzi zetu tulisoma kimya."

Maneno yalifika mia saba. Fundi aliyajua yote. Lakini mara ya pili alipata alama thelathini na moja, na zinazotakiwa ni hamsini. Tangu hapo alipunguza maneno yake hata ya Kiswahili. Akitoka kazini anakaa kimya, anaangalia pazia.

Siku moja mchana aliingia jirani yao, mkunga. Alikuwa ametoka zamu, amekuja kupanuliwa sare kiunoni.

"Shemeji," alimwambia Pini, "usiniulize kwa nini imebana. Wewe panua tu."

"Sijauliza, shemeji. Nimeona."

"Na ukome kuona." Mkunga alisogea dirishani. "Lo! Pazia lenu linaongea kuliko mimi. Haya ni nini?"

Pini alimweleza, kifua mbele. Fundi alikuwa mezani na karatasi ya maelekezo ya pampu mpya ya maji. Hakuinua kichwa.

"Nisomee hiyo," Mkunga alimwambia, akakaa.

Fundi alichukua penseli. Akasoma neno la kwanza, akaandika maana yake juu. Akasoma la pili, akaandika. La tatu hakulijua, akafungua kamusi. Zikapita dakika kumi. Karatasi ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwa penseli, na alikuwa bado mstari wa nne.

"Kwenye mtihani pia unafanya hivi?"

"Ndiyo. Kamusi tu ndiyo hawaruhusu. Nikikwama, nakaa hapo mpaka nikumbuke."

"Mara ya mwisho ulifika habari ya ngapi?"

Fundi aliweka penseli chini. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Ya pili," alisema. "Kengele ikalia. Mbili za mwisho sikuzigusa."

Cherehani ilisimama. Pini alitoa pini mdomoni. "Mke wangu! Mbona hukusema?"

"Niseme nini, na wewe umeshaandika maneno mia saba?"

Mkunga hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Sikia, dada. Umeitwa kwenye nyumba ya mtu, umeme umekatika. Unaanzaje?"

"Nauliza kwanza. Umekatika nyumba nzima au chumba kimoja? Ulikatika saa ngapi, mlikuwa mnatumia nini? Halafu naenda kwenye swichi kuu."

"Hufungui kila soketi?"

"Nifungue zote? Si nitalala huko!"

"Basi kwenye karatasi unafungua kila soketi."

Fundi aliitazama ile karatasi nyeusi. Uso wake ulibadilika, kama mtu aliyegusa ukuta gizani akaikuta swichi.

"Mimi nilianguka mara moja kwenye mtihani wetu wa ukunga, nao wa Kiingereza, kwa kosa hilihili," Mkunga aliendelea. "Mwalimu wetu wa wodini ndiye aliyenitoa. Alisema, anza na maswali. Yasome kabla ya habari, ujue unatafuta nini. Kisha soma habari yote, mwanzo mpaka mwisho, bila kusimama. Neno usilolijua, liwekee nukta, upite. Ukimaliza, rudi kwenye maswali. Utaona nukta nyingi huna haja nazo kabisa. Zile chache zinazohitajika, angalia maneno ya jirani. Kama imeandikwa pampu ikipata kitu fulani itapata kutu, hicho kitu ni nini?"

"Maji. Au unyevu."

"Umefungua kamusi?"

"Hapana."

"Umeona?"

Pini alikohoa. "Kwa hiyo maneno yangu mia saba niyatupe?"

"Usitupe, shemeji. Maneno yanasaidia. Ila umeyabana mojamoja kama vifungo bila shati. Neno likae ndani ya sentensi, tena sentensi ya kazi yake. Akikuta neno kwenye boksi la swichi, aandike sentensi nzima kwenye daftari. Matano kwa siku yanatosha. Kesho aanze kwa kurudia ya jana."

"Matano tu?"

"Matano yanayokaa. Thelathini yanayopita yana faida gani?"

"Na nitajuaje kama nimeelewa?" Fundi aliuliza. "Wewe uko zamu, na hapa nyumbani hakuna anayejua Kiingereza cha kunisahihisha. Pini anajua maneno tu, habari hazijui."

Mkunga alifikiri. Kisha akageukia mlangoni, ambako mama mkwe alikuwa amesimama na ungo, anasikiliza bila kujificha.

"Mama, wewe unapenda habari za watu?"

"Nani hapendi?"

"Basi wewe ndiye mwalimu. Akimaliza kusoma, afunge karatasi, akusimulie kwa Kiswahili. Wewe muulize maswali. Kama hujaelewa wewe, ujue na yeye hajaelewa."

Mama mkwe alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mikononi. "Mimi niliyeishia darasa la tatu, nimsahihishe fundi Kiingereza!"

Lakini kesho yake, Fundi alipotoka kazini, alimkuta amekwisha kaa mkekani, miguu ameinyoosha, anamsubiri.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mkono wa Fundi ulienda wenyewe kutafuta penseli, ikabidi mama mkwe aifiche ndani ya kanga yake. Fundi alisoma barua ya mteja, akaifunga, akasimulia.

"Kuna mwanamke friji lake limeharibika. Amewaandikia wenye duka. Anataka fundi mwingine aje."

"Friji limefanya nini?"

"Halipoi... nadhani."

"Unadhani au unajua?"

Fundi alirudi kwenye karatasi. "Aa! Linapoa sana. Mboga zinaganda."

"Maskini. Na fundi wa kwanza alikwenda?"

"Alikwenda, akalipiga tu mgongoni, akaondoka."

"Mjinga huyo! Hebu soma, walimfukuza?"

Siku nyingine ilikuwa tangazo la usalama. Fundi alisimulia vizuri, kwa haraka, akiwa na furaha. Mama mkwe akamkatiza.

"Ngoja, mwanangu. Huyo mfanyakazi anazima swichi kuu kabla ya kufungua kifuniko, au baada?"

Fundi aliifungua tena karatasi. Aliona aibu. Kazini jambo hilo analijua kama jina lake, lakini kwenye karatasi alikuwa amekimbilia maneno makubwa, akaruka lile dogo lililosema "kabla". Pini naye hakuwa amelibana popote. Vineno vidogo aliviona havina maana.

"Kabla, mama," alisema. "Akichelewa, anakufa."

"Basi hayo madogo nayo usiyapite."

Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni, nusu saa, siku sita za wiki. Ya saba walipumzika. Pini aliweka saa yake mezani na kupima muda. Mwezi wa kwanza habari moja ilimchukua dakika arobaini. Mwezi wa pili, ishirini na tano. Mwezi wa tatu, kumi na nane, na majibu yake mama mkwe alikosa pa kuyashika. Hata kazini, bosi alishangaa kumwona Fundi anasoma maboksi kabla hajayatupa.

Siku ya mtihani aliketi safu ya nyuma. Karatasi ziligeuzwa. Habari ya kwanza ilianza na neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Penseli ikakwama juu yake. Hapo akasikia kichwani sauti ya mama mkwe mkekani: sasa huyo alifanya nini? Akaweka nukta, akapita. Alisoma maswali. Alisoma habari. Alirudi. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Aliponyanyua macho, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja, na yeye hakujua afanye nini nazo. Akayapitia majibu yake upya, akasahihisha mawili.

Majibu yaliahidiwa baada ya siku kumi. Zikapita kumi, hakuna kitu. Zikapita kumi na tano. Fundi alikuwa hali chakula vizuri. Akilala anashtuka, anashika simu.

Siku ya kumi na tisa, Jumamosi asubuhi, simu ililia akiwa bafuni. Pini aliidaka. Ujumbe ulikuwa mrefu, wa Kiingereza. Pini alisoma maneno mawili, akakaa chini kwenye lundo la vitambaa.

"Mama," alinong'ona, "wanasikitika."

"Nani?"

"Wa mtihani. 'Regret.' Neno hili nalijua, nililiandika kwa mkono wangu. Maana yake wanasikitika."

Mama mkwe alishika kichwa. "Miaka mitano! Utamwambiaje?"

Fundi alitoka, povu bado shingoni. Aliwaona, akaelewa ni simu. Hakuuliza. Alinyoosha mkono, Pini akampa bila kumwangalia usoni.

Fundi alisoma. Alifika kwenye lile neno, akashika ukingo wa meza. Lakini hakusimama hapo. Alisoma mpaka mwisho. Kisha akarudi juu, akasoma tena taratibu.

"Wanasikitika kweli," alisema.

"Pole, mke wangu..."

"Wanasikitika kwa sababu wamechelewesha majibu. Mashine zao ziliharibika. Halafu hapa chini wanasema nimepata sabini na mbili. Halafu wanasema leseni nikaichukue Jumatano."



"Unadhani," mama mkwe aliuliza, "au unajua?"

"Najua, mama."

Hapo mama mkwe alipiga kigelegele, kile cha zamani, cha kutoka tumboni. Pini alimnyanyua Fundi juu, akamshusha, akamnyanyua tena. Mkunga alikuja na sare yake ya usiku, kiatu kimoja mguuni, anauliza nani amejifungua. Alipoambiwa, alikaa kizingitini akafuta machozi kwa mkono.

"Shemeji," alimwambia Pini, "neno moja tu na umemzika mkeo?"

"Lilikuwa la kwanza, shemeji! Ningefanyaje?"

"Ungesoma la mwisho."

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi alicheka, kisha akalia, kisha akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia alilobeba miaka.

"Sasa utatia saini mwenyewe," Pini alisema. "Saini yako ikoje?"

Fundi alimkodolea macho. Miaka minane kazini, na hakuwa na saini.

Mkunga alirudi kwake akalale, maana alikesha. Walikula chakula cha mchana mapema. Baada ya siku kumi na tisa za roho juu, usingizi uliwashika wote pamoja. Pini alijilaza kwenye lundo la vitambaa, akaanza kukoroma. Mama mkwe alinyoosha miguu mkekani akisema anapumzisha macho tu. Hakumaliza sentensi.

Fundi alibaki mezani na kalamu. Aliandika saini moja, haikumpendeza. Ya pili ilikuwa ndefu mno. Ya tatu ilikuwa fupi, imepinda kidogo mwishoni, inasomeka. Hiyo aliiandika mara nyingine, ikatoka vilevile. Akafunga kalamu. Akaenda kujilaza pembeni ya mama mkwe, mchana kweupe, na kabla hajavuta shuka alikuwa amekwisha lala.