Ukuta Uliomeza Mawimbi

"Hakuna mtu," ilitangaza roboti ya uokoaji kwenye korido, upande wa pili wa ukuta.

Nyamizi akaugonga ukuta kwa ngumi zote mbili. Ving'ora vya moto vilizidi sauti yake. Dari iliyoporomoka ilikuwa imeziba mlango wa bafu, na moshi ulipenya kwa chini.

"Mbona haituoni?" aliuliza shangazi yake, Bi Zamda, akikohoa. "Si ulisema macho ya roboti hizi hupenya hata zege?"

"Hupenya, shangazi. Ila si ukuta huu. Huu niliubuni mimi."

Katika jiji la Mtera Mpya, kamera za mawimbi ya terahazi, yanayopenya kuta, zilichungulia kila nyumba, na watu walimshukuru Nyamizi kwa kuwaletea ngozimeza: utando wenye vijimraba vyembamba kuliko unywele, vilivyopangwa juu ya madini ya vanadi. Madini hayo yakiwa baridi, mawimbi hupita. Yakipashwa joto kwa umeme, hubadilika hali, yakawa kama chuma, na utando ukayameza mawimbi yote. Mwenye nyumba alichagua kwa swichi aonekane au afichike. Sasa umeme ulikuwa umekatika, lakini moto wa ghorofa ya chini ulikuwa umezipasha joto kuta zote. Hakuna aliyeufikiria moto. Hata yeye.

"Shangazi, nipe kanga."

Akaichovya kwenye ndoo ya maji, akaibandika ukutani ili kuupoza. Mvuke ukafuka. Maji nayo huyameza mawimbi hayo, kwa hiyo ilimbidi aibandue, afute haraka, aweke kiganja hapo roboti ikione, kabla joto halijarudi. Alichelewa. Roboti ikapita.

"Itarudi. Lazima ishukie ngazi hizi hizi," alisema Bi Zamda, akamimina maji yaliyobaki juu ya kanga.

Vishindo vikakaribia tena. Nyamizi akabandua, akafuta, akaweka kiganja. Kiliungua. Hakukiondoa.

"Mtu," roboti ikasema.

Walipotolewa, Mapunda, kamanda wa zimamoto, aliwafunika blanketi. "Mna bahati. Nyumba nyingine zote zilikuwa tupu."

"Nani kasema?"

"Roboti."

Nyamizi akaugeukia mlango wa jirani yao, Mwalimu Mwakipesile. Yeye ndiye aliyemshawishi mzee huyo aweke utando.

"Vunjeni," alisema. "Msiiulize roboti. Vunjeni!"

Walivunja. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kinywa wazi kama mtu aliyeita mpaka pumzi ikamwishia.

Mapunda akavua kofia. "Kwa nini alijificha humu?"

"Hakujificha," Nyamizi akajibu. "Nilimficha mimi."