Sauti Aliyoikata Yusrah

Yusrah alikutana na Ntutu mnadani Kilosa, siku ambayo ndama alimkanyaga kiatu cheupe kipya mbele za watu.

"Pole, dada. Huyo viatu vipya havijui," alisema kijana wa lubega nyekundu, akicheka.

"Na mwenye ndama hajui kuomba radhi?"

"Mwenyewe yuko kule anabishana. Mimi ni mwanafunzi tu wa mifugo, nimekuja kuhesabu kupe."

Kuhesabu kupe! Yusrah alicheka mpaka akasahau kiatu. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Wenceslaus, walikuwa wanaanzisha podikasti, Sayansi ya Wote, na walitafuta mtu anayeweza kueleza jambo likaeleweka. Wiki tatu baadaye yeye na Ntutu walikuwa wanaitana mpenzi, na Ntutu alisharekodiwa akieleza kwamba kupe huhitaji siku kadhaa za kunyonya ndipo amwambukize ng'ombe ugonjwa wa ndigana, kwa hiyo kumwondoa mapema kunaokoa.

Alieleza vizuri kuliko mwalimu. Ila lafudhi yake ya Kimaasai ilikuwa nzito, na Wenceslaus akaguna, "Watatucheka, Yusrah." Naye, jamani, msichana mwenye akili zake, akakubali! Akaikata sauti ya Ntutu yote, Wenceslaus akasoma maneno yale yale kwa Kiswahili kilichonyooka kama kimepigwa pasi. Ntutu hakuambiwa kitu.

Kipindi kikatoka, na Jumamosi simu ikalia.

"Mpenzi, umesikiliza?" Yusrah alijichangamsha.

"Tumesikiliza. Mimi, mama, na boma zima hapa Mikumi. Nilishawatangazia majirani wote." Ntutu hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Yusrah. "Mama akaniuliza, mbona huyu si wewe?"

"Nilitaka tu isikike vizuri..."

"Sawa, dada," alisema, akakata simu.

Dada! Yusrah alikaa kitandani uso ukimwaka. Siku mbili chakula hakikupita. Ya tatu akajitanda mtandio wake wa kijani, akapanda basi la Mikumi, maana aibu ile isingemalizwa kwa meseji.

Mama yake Ntutu, Namelok, alimpokea mlangoni, shanga zimemjaa shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Ntutu kanieleza simu yako iliharibika, sauti yake ikapotea."

Yusrah alimtazama Ntutu, aliyesimama nyuma ya mama yake. Ntutu akatazama chini. Kumbe alikuwa amemfichia aibu yake! Angeitikia tu "asante mama" yangekwisha, akanywa chai yake kwa heshima. Lakini aibu ilimshuka mpaka miguuni.

"Simu haikuharibika, mama," alisema, machozi yakimtoka. "Nilimwonea aibu anavyoongea. Nikaikata sauti yake."

Namelok akampisha mlangoni. "Mimi umeniambia ukweli, nimekusamehe. Huyo mwombe mwenyewe."

"Ntutu, nimekukosea. Nisamehe."

"Rekodi upya," Ntutu alisema taratibu. "Hapa hapa. Na useme mimi ni nani kwako."

Yusrah akawasha simu. "Wasikilizaji, nipo Mikumi na Ntutu, anayeeleza habari za kupe. Mara ya kwanza niliikata sauti yake kwa ujinga wangu. Ni... ni mchumba wangu."

"Mchumba?" Namelok alishtuka. "Nani kamposa nani?"

Ntutu akaangua kicheko, cha kwanza tangu Yusrah afike, akamshika mkono uliokuwa unakimbilia kuzima simu.

"Hapo usikate," alisema.