Mji Usiotolewa kwa Mchezo

Kitendawili! Haya, wewe unayesoma, sema "tega", usione haya. Walikuja wakakichukua chote, na mimi nikaondoka nacho chote. Ni nini?

Umeshindwa? Basi unanipa mji. Ndiyo desturi: aliyeshindwa humpa mwenzake mji, mwenzake huenda kule kwa maneno tu, hula, hunywa, hutawala kidogo, ndipo husema jibu. Lakini usiharakishe. Kisangani kuna mtu aliyetoa mji kwa haraka, na sasa anajuta.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 2025. Saa moja asubuhi, katika commune ya Tshopo, mtaa mmoja wa Kisangani, Mama Kyakimwa alikuwa anakaanga mikate mlangoni pake. Simu ikalia. Akapangusa mafuta vidoleni, akafungua Facebook, mikate ikaungua yote.

Kitabu chake kilikuwa kinauzwa. Si yeye aliyekuwa anakiuza. Ukurasa unaoitwa Hazina ya Mababu ulikuwa umetoa vitendawili vyake vyote, kwa mpangilio uleule, katika faili ya kusomea kwenye simu. Chini yake pameandikwa: "Jihadharini na mwanamke wa Tshopo anayetuibia kazi."

Mama Kyakimwa alikimbia vita kutoka kijiji kimoja cha mashariki, upande wa Kanyabayonga. Huku Kisangani alikaa akikusanya vitendawili vya marehemu mama yake, akavichapisha mwenyewe, akavitangaza mwenyewe. Kila asubuhi alitega kimoja kwa sauti katika kikundi chake cha WhatsApp, watu wakategua, waliopenda wakaagiza kitabu. Jumapili hiyo, baada ya misa ya pili, angekizindua kitabu katika ukumbi wa parokia.

Padre alipopigiwa simu alisema kwa upole, "Mama, siwezi kuuzisha katika nyumba ya Mungu kitu chenye wenyewe wawili. Hadi kesho uonyeshe kama ni chako."

Mama Kyakimwa akavua kitambaa cha jikoni, akaenda polisi.

Afisa wa upelelezi aliyempokea, yule wanaomwita OPJ, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, jina lake Viviane. Alisikiliza bila kuandika.

"Tunaweza uliza wenye Facebook ukurasa iko ya nani," akasema. "Lakini jibu itachukua miezi, na ukumbi iko kesho. Donc tuanzie huku kwetu. Nani alikuwa na kitabu yote kabla ya kuchapa?"

"Watu watatu. René alikipiga kwenye mashine. Mwalimu Georgette alisahihisha. Na Augustin, kijana wa publicité. Yeye ndiye anatengeneza affiches za kutangaza, anaziweka kwenye mtandao."

"Unagombana na nani?"

"Na Georgette. Alitaka jina yake kwenye ganda ya kitabu."

Viviane akaomba asikilize sauti za kikundi. Akafunga macho kama mtu anayesikiliza redio. Kulikuwa na kicheko kingi humo. Kijana mmoja alishindwa, akasema, "Bon, Mama, kamata Goma!" Mara sauti ya Mama Kyakimwa ikamkata: "Hapana, mwanangu. Goma walikwisha kamata na bunduki. Mji iliyochukuliwa kwa vita hatuitoe kwa mchezo. Nipe ingine." Yule kijana akaomba msamaha, akatoa Isiro. Toka siku hiyo, kila mgeni aliyetaja mji wa mashariki uliochukuliwa kwa vita alirudishwa vivyo hivyo, na wamama wakamzomea.

"Hii sheria iliandikwa pahali?" Viviane akauliza.

"Iandikwe ya nini? Mwenye masikio aliisikia."

Saa nne walikuwa kwa René, katika kibanda chake cha kupiga maandishi. René alikuwa mkimbizi wa Goma, mwembamba, mwenye hasira ya haraka.

"Mimi? Kwa sababu mashine iko yangu, basi mwizi iko mimi?"

"Sijasema mwizi, papa. Nimesema habari ya asubuhi."

René akafungua faili. Viviane akaangalia ukurasa wa mwisho, kisha akaangalia kile kilichoko Facebook, akarudi tena kwenye mashine.

"Hapa kwako kitendawili cha mafuta ya mawese hakipo. Kwa mwizi kipo."

"Ile nilisahau!" Mama Kyakimwa akasema. "Niliiongeza nyuma. Niliituma kwa Georgette na Augustin tu. René hakuiona."

"Alors?" René akauliza, kifua mbele.

"Alors, samahani, papa. Na kesho njoo kwenye ukumbi."

Mwalimu Georgette, mwenyeji wa Bukavu, mji ambao nao ulichukuliwa kwa vita, walimkuta anachagua mchele. Alipomwona Mama Kyakimwa akageuza shingo.

"Kumbe leo unajua njia ya kwangu."

"Ulimkasirikia?" Viviane akauliza.

"Sana! Nilisahihisha macho yakauma, na jina yangu haiko hata nyuma ya kitabu. Nilimwambia mbele ya watu, sokoni, na nitamwambia tena. Lakini OPJ, mutu anamukasirikia rafiki yake kwa sauti. Hamuibie kwa kimya."

"Kila mwizi anaweza sema vile."

"Basi niandike mwizi. Lakini mwambie huyu rafiki yako akule kwanza, tangu asubuhi hajakula, naona kwa midomo."

Mama Kyakimwa alikula, machozi yakidondoka kwenye sahani. Viviane alibaki na wasiwasi. Georgette alikuwa na kinyongo, na kitendawili cha mawese alikuwa nacho.

Augustin aliwapokea saa nane, kwa kiti na maji baridi. Kijana mzaliwa wa mji wa Yahuma, shati limepigwa pasi, simu mbili mezani.

"Mama yangu! Nimeona ile uchafu, sikula! Nimeandika kila pahali kama iko uongo."

"Affiches zako nzuri," Viviane akamwambia. "Wewe unapenda kitendawili gani humo?"

Augustin akacheka. "Mimi niko mutu wa publicité, Mama OPJ. Michezo ya wamama sina muda yake. Napiga picha ya ganda, naweka rangi, watu wanakuja."

"Nionyeshe kikundi, nione vile unatangaza."

Akamfungulia bila hofu. Viviane akapandisha kidole polepole. Sauti za Mama Kyakimwa zilikuwa pale, za asubuhi kwa asubuhi, na kwenye kila moja alama ya kipaza sauti ilikuwa bado kijani. Sauti uliyokwisha kuisikiliza, alama yake hugeuka buluu. Viviane akamrudishia simu, akamshukuru kwa maji.

Njiani, nyuma ya baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikienda sambamba, akamwuliza Mama Kyakimwa: "Unacho kitendawili ambacho hujaweka kwenye kitabu?"

"Kimoja. Nilikificha."

"Kesho utakitoa."

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wengine walikuja kununua, wengine kuona mwizi. Augustin alikuwa mbele na simu, anaonyesha sherehe moja kwa moja kwa walioko mbali. René na Georgette waliketi benchi la kwanza, kila mtu na uso wake.

Mama Kyakimwa akasimama na simu yake. "Ndugu zangu, huyu Hazina ya Mababu anasema vitendawili ni vyake. Basi ninamwandikia sasa hivi, nanyi mnaona. Kama ni vya mababu zake, hiki hakiwezi kumshinda. Kitendawili!"

Simu zikainuliwa ukumbi mzima. Augustin akashika kichwa. "Réseau ya simu iko mubaya humu ndani," akasema, akatoka.

Kidogo tu, ukurasa ukaandika: "Tega."

"Walikuja wakakichukua chote, na mimi nikaondoka nacho chote."

"Moto," ukurasa ukaandika.

"Sivyo."

Ukumbi ukangoja. Kisha maneno yakatokea, na watu wakayasoma kwa pamoja: "Nimeshindwa. Chukua Goma."

Mguno ukapita benchi kwa benchi. René akafunika uso. Augustin akarudi mlangoni anajipepea.

"Bon," Viviane akasema, akisimama katikati. "Tucheze kidogo na sisi. Kama kitendawili kimewashinda, toeni miji. Papa René?"

"Yangambi. Samaki yake, mtumbwi yake, yote yako, Mama."

"Mwalimu?"

"Kinshasa, na embouteillage yake ya magari! Aikamate, atajuta." Watu wakacheka.

"Augustin?"

Kijana akawaza. Alijua ukurasa umetaja Goma, na hakuwa mjinga wa kurudia. Akatabasamu. "Bukavu."

Hakuna aliyecheka. Georgette akanyanyuka taratibu. "Bukavu? Kaburi ya mama yangu iko Bukavu, weye mutoto. Nani amekupa ruhusa ya kuitoa?"

Augustin akatazama huku na huku. "Lakini... iko mchezo tu."

"Ndiyo, mchezo," Viviane akasema. "Na kila mutu wa kikundi anajua sheria yake, kwa sababu Mama aliisema kwa sauti tena na tena. René anaijua. Georgette anaijua. Mwenye kuandika kwenye ukurasa haijui. Kitabu chote, pamoja na cha mawese, kilikuwa kwa watu wawili tu, na mmoja wao hajafungua hata sauti moja. Nimeona jana alama zote za kijani. Ulikwepa Goma, Augustin, ukaangukia Bukavu. Lete simu ya pili."

Akaileta. Ukurasa ulikuwa wazi bado, na neno "Goma" juu yake.

"Kwa nini, mwanangu?" Mama Kyakimwa akauliza.

"Mimi ndiye nilikuletea watu!" akalipuka. "Bila mimi nani angekujua? Nilisema vitendawili havina mwenyewe, viko vya mababu, anayeviweka wa kwanza kwenye mtandao ndiye mwenyewe. Nilitaka niitwe éditeur, mwenye kutoa vitabu. Nilijua kama nikikuita mwizi mapema, hawatakuamini ukiniita."

"Uliuza vitendawili na hukusikiliza hata kimoja," Mama Kyakimwa akasema.

Viviane akampa simu ileile aliyokuwa anatangazia, na Augustin, mbele ya waliomo na walioko mbali, akasema kitabu ni cha nani. Kesho yake angeyasema tena mbele ya mwendesha mashtaka. Padre akaanza kupiga makofi yeye wa kwanza. Wamama wakapiga vigelegele, vitabu vikatoka kwenye makartoni kama mikate ya asubuhi, na Mama Kyakimwa akamvuta Georgette kwa mkono, akamkalisha pembeni yake mezani. "Kila kitabu utaandika jina yako chini ya yangu," akamwambia. "Na kitabu ikichapwa tena, itakuwa kwenye ganda."

"Mwandiko wangu iko muzuri kupita wako," Georgette akajibu, akifuta macho.

Ndipo mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Na jibu, Mama? Tutalala hivi?"

"Siwezi. Aliyeshindwa bado hajanipa mji."

Ukumbi mzima ukageuka. Augustin alikuwa amefika mlangoni, Viviane amemshika kiwiko. Akainamisha kichwa.

"Yahuma," akasema. "Kwa mama yangu. Chukua Yahuma, Mama."

Mama Kyakimwa akakubali kwa kichwa, akaweka kalamu chini. "Nilikwenda Yahuma. Nikapokelewa na mama wa Augustin, akanipa kiti chake, akanipakulia pondu, nikala nikashiba. Nikatawala vizuri, sikumfukuza mutu nyumbani kwake. Kisha nikamrudishia mji wake." Akatazama watu wake, na kitabu kimefunguka mbele yake.

"Ni kijiji chetu," akasema.