Walinipigia Makofi Nikipigwa na Stima

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeganda kwenye nyuzi za gita. Midomo imeganda kwenye maiki. Stima inanipitia mwilini inatafuta pa kutokea… na ukumbi mzima wa Ruiru unanishangilia!

"Ongeza! Ongeza!"

Sikuwa naimba. Nililia vile mtu hulia akijua hakuna anayekuja.

Wakapiga makofi zaidi.

Nyinyi mnaosoma, ngojeni niwaambie kwanza tulikuwa akina nani. Kisha mnihukumu mkitaka.

Bendi yetu inaitwa Bila Ramani. Ni roki, lakini si ile mliyozoea. Hatufanyi mazoezi. Hatuna nyimbo. Tunapanda jukwaani, mmoja anaanzisha sauti, wengine wanamjibu, na muziki unazaliwa hapo hapo mbele ya watu. Ukiisha, umeisha. Haurudiwi.

Kaloki, mpiga gita na mchumba wangu, ndiye aliyeweka sheria: "Chochote kikitokea jukwaani, usisimamishe. Kijibu."

Sasa niambieni, kwenye bendi kama hiyo nani atajua mtu anaimba au anakufa?

Nikalia, Kaloki akanijibu kwa gita. Nikatetemeka, akaongeza sauti.

Zahra, mpiga ngoma wetu kutoka Kamenu, ndiye aliyetupa vijiti, akaruka, akang'oa plagi ya spika yangu ukutani. Nikaanguka kama gunia.

Makofi!

Hospitalini waliniambia neva za mkono zimeungua. Vidole vitatu havifungi tena. Na havitafunga. Mimi niliyekuwa naishi kwa gita, leo kifungo cha blauzi kinanishinda.

Kaloki alikuja wodini na simu mkononi.

"Babe, umeona? Video imeenda mbali! Watu wamewehuka!"

"Kaloki, nusura nife."

"Najua, pole. Ilikuwa ajali. Lakini ile sauti… wah! Hakuna mtu ametoa sauti kama ile hii Kenya."

"Mbona hukuzima?"

Akaangalia dirishani.

"Nilidhani unaimba."

Nikamwamini. Ndiyo, mimi Ngina, ninayejiita mjanja, nilimwamini!

Haukupita muda, bango la shoo ya Thika likatoka. Uso wangu umelijaza lote, mdomo wazi, macho yamegeuka.

"Wanataka ile sauti, Ngina. Mara moja tu."

"Si ulisema haturudii kitu?"

"Acha ujuaji. Hii ndiyo chance yetu."

"Na mkono wangu?"

"Vaa tu gita, uguse nyuzi ukilia. Watu wapate ile picha. Spika nilirekebisha, haki ya Mungu."

Nilikubali. Lakini sikwenda Thika kulia. Nilikwenda kutafuta hata mtu mmoja wa kuamini kwamba niliumia.

Ukumbi ulifurika. Taa zikawaka. Gita nilivaa, lakini sikugusa nyuzi. Nilishika maiki kwa mkono mzima, nikasema:

"Ile video mnayoipenda si wimbo. Nilikuwa nakufa. Angalieni vidole vyangu."

Nikauinua mkono wangu wa kushoto juu.

Kisha jamaa mmoja wa mbele akapiga mluzi. "Huyu dem ni moto! Anaongea tu na ni ngoma!"

Makofi!

Na Kaloki? Alinijibu kwa gita. Polepole, kwa huzuni tamu. Alikuwa anageuza ukweli wangu kuwa wimbo huku nikiangalia!

Damu ikanichemka. Nikavua gita langu, nikamwendea.

"Shika."

"Ngina, wacha."

"Shika nyuzi, kisha useme neno moja kwa maiki yangu. Lolote. Sema unanipenda."

Akarudi nyuma.

"Si ulirekebisha?"

Akarudi tena. Akaficha mikono mgongoni kama mtoto anayekimbia kiboko.

Zahra akainama nyuma ya spika yangu, akainua waya wake juu. Ule uzi wa kijani, unaomkinga mtu na shoti, ulikuwa umekatwa na kufungwa kwa utepe mweusi.

"Ngina, hii kitu alikata kabla ya Ruiru. Alisema spika inavuma, inamharibia muziki. Nikamwambia arudishe. Akaniapia amerudisha!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kule Ruiru alitaka spika isivume. Hapa Thika aliuacha ule uzi umekatwa ili nilie.

"Kaloki… ulijua."

"Nilifanya kwa ajili ya bendi, Ngina. Kwa ajili ya sisi wote."

"Drama! Wacheni iendelee!" watu wakapiga kelele.

Nilitembea hadi kwenye swichi kubwa ya ukumbi, nikaishusha. Giza! Nikasubiri mtu apige kelele za hofu. Nikasubiri mtu aulize kuna nini.

Gizani wakapiga makofi kuliko siku zote.

"Wameweza! Hawa watu wameweza!"

Nilikwenda polisi. Afisa alitazama video, akatabasamu. "Lakini dada, hapa si unaimba?"

Kaloki ana mwimbaji mpya sasa. Nilimwandikia yule msichana kuhusu waya. Ameniblock.

Mamake Kaloki naye alinipigia jana. "Ngina mami, umemwaibisha mtoto wangu mbele ya Thika nzima. Omba msamaha yaishe." Mashabiki nao wananitukana eti nimeua bendi, niombe msamaha.

Funzo? Anayekupenda utamjua ukimpa ashike kile alichokushikisha. Na ukimsikia mtu analia jukwaani, muulize kwanza kabla ya kupiga makofi. Najua hamtauliza. Hata hii mtaishare na emoji tatu za moto, mwandike "simulizi kali!" Halafu mpite.

Mama Kaloki, najua unasoma. Nilizima stima, na ningeizima tena.

Msamaha siombi.