Kiti cha Marehemu Fernand

Jioni ile Mireille alimtuma mumewe mkate. Mkate tu, si safari ya kuzunguka Ufaransa.

"Na usianze kulichezea hilo libaiskeli lako," alimwambia. "Duka wanafunga saa moja."

"Naenda nalo. Nalijaribu tu, kesho ndiyo siku yenyewe."

Anselme akashuka gereji. Akawasha taa. Akatazama kiti cha baiskeli.

Kimeshuka tena.

Jamani! Kama jana, kama juzi, vidole vitatu kamili. Bolti alikuwa ameikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Alikwisha kuibadilisha. Alikwisha kufuta grisi yote kwenye bomba la kiti na kulipiga msasa. Bolti haijalegea hata kidogo... na kiti kiko chini. Akarusha spana ukutani.

Miezi saba alisugua kutu, akanyoosha madigadi, akasaka pedeli za mwaka 1951 kwenye minada ya vitu vikuukuu kutoka Saint-Étienne hadi Lyon. Kesho wazee wenzake wangepanda mlima kwa baiskeli za kale, naye alikwisha kuapa mbele yao kwamba yake itakuwa na kila kitu cha asili. Akienda na kiti kinachozama, wangemcheka mpaka kaburini.

Tatizo ni ukaidi wake mwenyewe. Kiti cha ngozi hushika umbo la mwenyewe, ndiyo maana waendesha baiskeli wa kule hawaazimani viti. Hiki alikikalia marehemu Fernand, mtu mfupi wa miraba minne, miaka arobaini mfululizo. Mjane wake, Bi Léonie, alipompa Anselme baiskeli hiyo aliomba jambo moja tu.

"Baiskeli chukua, mwanangu," alinong'ona. "Ila kiti king'oe, uniletee. Nikakizike kaburini mwake."

"Nitakuletea, mama."

Hakumpelekea. Cha asili kingine angekitoa wapi? Akakilowesha maji ya moto, akakikanda kwa ngumi mpaka alama za makalio ya Fernand zikafutika. Ama kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Saa moja kasoro dakika kumi. Hakukuwa na muda wa kuinua chochote.

"Basi kaa huko huko chini, mshenzi wewe," akakiambia kiti, akapanda.

Mwanzoni magoti yalikaribia kumgonga kidevu. Alitukana njia nzima. Kisha, karibu na duka la mkate, magoti yakatulia. Pedeli zikawa nyepesi. Akataka kukata kushoto, dukani... mikono ikakata kulia, njia ya mlimani.

Akajaribu kufunga breki. Vidole havikumsikia.

Ukungu ukashuka. Dinamo ikanguruma, ngrrr... ngrrr... Ikaja harufu ya ngozi mbichi, na ya tumbaku. Anselme hakuwahi kuvuta tumbaku maishani mwake.

Ilikuwa inatoka mdomoni mwake.

Alikasirika, akaogopa, akataka kupiga kelele. Lakini kilichomtisha zaidi ni kwamba kiti kilikuwa kimemkaa vizuri. Miezi saba hakuwahi kukaa vizuri hivyo.

Baiskeli ilisimama mbele ya nyumba ya Bi Léonie. Anselme akashuka, akajikwaa. Alikuwa amekanyaga suruali yake mwenyewe, imeburuta chini. Mikono ya koti ilimfunika mpaka kucha.

Mlango ukafunguka. Bi Léonie akamtazama toka juu hadi chini.

"Mwanangu," alinong'ona, "nilikuomba kiti tu..."

"Nipishe, Léo. Miguu inaniuma."

Sauti haikuwa yake. Akataka kumwambia mimi si Fernand, mimi ni... Akalitafuta jina lake. Halikuwepo.

Simu ikaita mfukoni. Akaitoa, akaigeuzageuza, asijue aishike wapi. Bi Léonie akamchukulia, akasoma kwenye kioo.

"Ni Mireille," alisema, machozi yakimtoka. "Ipokee. Upesi, kabla hujasahau kabisa."

"Mireille?" aliuliza kwa upole. "Ndiye nani huyo?"

Akampita mlangoni, akaenda kuketi mezani. Simu ikaendelea kuita mkononi mwa kikongwe.