Sauti Ndani ya Mlango wa Gari

Muuza spea alikuwa anafunga duka nilipofika, jua limeshazama nusu.

"Nataka redio na spika zake," nikamwambia. "Na bisibisi ya nyota."

Akachungulia gari langu pale barabarani. Uso ukamshuka. Wiki iliyopita alimtuma fundi wake alitengeneze, na fundi yule alifungua kava la mlango kidogo tu, akanusa, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila hata kuaga.

"Mama," akaninong'oneza, "ile siyo kazi ya bisibisi."

"Wewe niuzie bisibisi."

Akaniuzia.

Gari ni kuukuu, aliniachia baba watoto alipofariki. Ndilo linalobeba mashuka ya nyumba za wageni ninayofua na kupiga pasi. Bila gari hakuna mashuka, na bila mashuka wanangu hawali. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alilikodolea macho tangu msibani. Akasema gari ni la ukoo. Nikamwambia ukoo haujawahi kulitia hata mafuta. Akacheka, akaniomba siku moja tu ampeleke mama mkwe hospitali. Nikampa. Akalirudisha limeoshwa, linanukia marashi. Mtu ambaye hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea chai!

Tangu siku hiyo redio ikaanza kusema.

Ni ile redio ya kaseti iliyokuja na gari kutoka kiwandani. Ilikuwa imekufa miaka mingi. Sasa kila giza likianza kuingia inakwaruza... krrr... krrr... kisha inatoka sauti ya mume wangu, nzito, kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani.

"Mke wangu... rudisha gari... kwa mdogo wangu..."

Mara ya kwanza nililia. Nilimkumbuka mno hata nikaweka shavu kwenye dashibodi ili nisikie vizuri. Mara ya pili usukani ulijivuta wenyewe kuelekea mtaroni, na binti yangu amekaa kiti cha nyuma. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Machozi yakakauka palepale. Nikapandwa na hasira ambayo haijashuka mpaka leo.

Jioni ile niliegesha uani, nikawaambia watoto wakae ndani, nikawasha taa ya ukutani. Nilianza kwa kutoa betri. Mchawi anitishe akitaka, lakini kupigwa shoti kwa uzembe wangu, hapana. Nikabandua fremu ya dashibodi, nikalegeza skrubu, nikaivuta redio. Ikagoma. Nikaweka goti kwenye kiti, nikaivuta tena. Ikachomoka na nyaya zake, ya moto kama pasi.

Betri nimeitoa. Umeme unatoka wapi?

Krrr...

"Mke wangu..."

Bisibisi ikanidondoka. Sioni aibu kusema hivyo.

"Mke wangu... usifungue..."

Ndipo nikashtuka. Mke wangu? Mume wangu hakuwa akiniita hivyo. Kwao na kwetu kulitenganishwa na ua mmoja tu, na tangu uchumba hadi siku anakata roho aliniita Jirani. "Jirani, chai iko wapi?" "Jirani, sogea, umenimalizia shuka." Mbele ya ndugu zake tu ndipo alipojikaza na kuniita mke wangu, kwa heshima.

Kwa hiyo aliyekuwa anasema mle ndani alimjua mume wangu kwa kumsikia akiongea mbele ya ndugu.

"Wewe siye," nikasema.

Nikaiinamia redio.

"Nimesema wewe siye! Na kama una ubavu, niite jina alilokuwa akiniita."

Ikakwaruza tu. Nikachukua koleo, nikakata nyaya za redio zote, nikaitupa chini. Nilidhani nimemaliza.

"Utajuta..."

Sauti ilitoka kwenye mlango wa dereva.

Nikachomeka bisibisi chini ya kava na kulibandua. Vibanio vikaruka. Pah! Pah! Harufu ikanivamia, nywele zilizoungua juu ya nyama iliyovunda. Nikaziba pua kwa mtandio. Spika ilikuwa pale, kikaratasi chake kinapanda na kushuka... kinapanda na kushuka...

Ilikuwa inapumua.

Nikaifungua hivyo hivyo, mkono mmoja umeshika pua. Nyuma yake, kwenye bati, palifungwa kitu kwa uzi mweusi. Kola ya shati la mume wangu, lile lililopotea msibani. Nikaikunjua. Ndani yake mlikuwa na ulimi mkavu, wa mnyama gani sijui, umeunganishwa na waya wa spika.

Ncha yake ikatikisika.

Nikaukata waya.

Ukelele uliotoka ulivuma mpaka vioo vya gari vikatetemeka. Na ule ukelele niliujua. Haukuwa wa mume wangu.

Nilitoa spika zote zilizobaki, nikazitia kwenye boksi pamoja na redio na kile kifurushi. Kisha nikafunga zangu mpya, waya kwa waya, tepu juu ya kila kiungo. Niliporudisha betri muziki ukalia safi. Watoto wakachungulia dirishani, mdogo akaanza kucheza. Nikamwambia dada yao awafungie mlango, narudi sasa hivi.

Nikaendesha mpaka kwa shemeji, nikakuta bado hawajatoa vyombo vya chakula cha jioni. Alifungua geti mwenyewe, mkono mmoja kooni. Akafumbua mdomo. Hakikutoka kitu.

Sauti yake ikatoka ndani ya boksi nililolibeba.

"Shemeji... nisamehe... nirudishie..."

Nililiweka boksi miguuni pake.

"Sauti yako hiyo. Kaunge waya mwenyewe kama mimi nilivyounga. Na gari langu usilitaje tena, si kwa mdomo wala kwa redio."

Akapiga magoti. Nilidhani ananiomba, kumbe hanitazami. Alikuwa anatazama gari nyuma yangu, macho yamemtoka, kidole kinaonyesha kiti cha nyuma.

"Shemeji," boksi likanong'ona, "mimi nilitoa sauti tu... Yule aliyeichukua... hajashuka."

Niligeuka. Kiti kilikuwa kitupu. Niliona mkanda tu, umefungwa vizuri, kama abiria anavyojifunga.

Ningeweza kuliacha gari palepale na kurudi kwa miguu. Ndicho shemeji na abiria wake walichokuwa wanakitaka siku zote. Nikaingia, nikawasha, nikaondoka. Kwenye kona ya kwanza mtu alikohoa nyuma yangu, kikohozi cha mzee anayetaka kuanza mazungumzo.

Sikugeuka. Usukani niliushika kwa mikono yote miwili.

"Kaa," nikamwambia. "Kesho asubuhi nina mashuka ya kupeleka. Ukitaka kubaki humu, utayabeba."

Nikaongeza sauti ya redio.